Wimbo Mtamu na Mkono Mzito





Juma lililopita walifika ofisini kwetu kijana na binti wanaojiandaa kupokea sakramenti ya ndoa. Mambo ya vyeti vya ubatizo, ya wasimamizi na ya kutangazwa kanisani tuliyamaliza haraka, kwani walikuja wamejipanga. Kilichotuweka ni wimbo. Binti alitoa simu yake akaiweka mezani, akasema, “Baba Padre, tunaomba tuingie kanisani na huu.” Tukausikiliza hadi mwisho. Ni wimbo wa zamani wa Kiingereza, wa taratibu, wenye kinanda na sauti ya kiume isiyojilazimisha. Unaitwa “Don't Give Up on Us”, jina ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema: usitukatie tamaa, usikubali tuachane. Baba yake binti alikuwa nao katika kaseti tangu ujana wake, na nyumba nzima imeukariri.

Jibu la ombi lao halikuwa gumu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio ya mwaka 1963 juu ya Liturujia Takatifu, ulitenga sura nzima ya sita kwa ajili ya muziki wa kanisani, na ukafundisha kwamba muziki huo ni mtakatifu kadiri unavyoshikamana na tendo lenyewe la ibada. Wimbo wa mtu anayembembeleza mpenzi wake hauna kosa, lakini mahali pake ni ukumbini, baada ya Misa, watu wakiwa wamekaa na sahani zao. Wakakubali, binti akiwa shingo upande kidogo. Walipokuwa wanaaga, kijana akauliza, “Lakini Padre, aliyeimba ni nani hasa?” Miongoni mwetu tuliokuwa ofisini hakuna aliyejua. Tukaahidi kutafuta, na tafakari ya juma hili imetokana na tulichokikuta.

Mwimbaji huyo ni David Soul, aliyezaliwa Chicago, Marekani, tarehe 28 Agosti 1943, kwa jina la ukoo la Solberg. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri na mwalimu wa historia, na sehemu ya utoto wa David ilipita Berlin, baba alikokuwa na utumishi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alikulia, basi, katika nyumba ya mahubiri, ambamo mtoto husikia mapema sana maneno mazuri na huona mapema vilevile jinsi yanavyotekelezwa au kutotekelezwa. Gitaa alijifunza akiwa mwanafunzi huko Mexico. Wengi waliomjua baadaye walidhani ni mwigizaji aliyejaribu kuimba, lakini kwa kweli muziki ulitangulia, na uigizaji ulikuja nyuma yake.

Hapa pana jambo moja lililotushika zaidi ya mengine. Mnamo miaka ya 1966 na 1967, kijana huyu alitokea mara nyingi katika kipindi cha televisheni cha Merv Griffin akiimba huku amefunika uso mzima. Alijulikana kwa jina la “The Covered Man”, yaani mtu aliyefunikwa. Alikuwa na sura ya kupendeza na nywele za rangi ya dhahabu, naye alijua hivyo. Alichotaka ni kwamba watu wamsikie kabla hawajamtazama. Hatuna budi kukiri kwamba ilikuwa pia hila ya biashara, kwa kuwa mwenye kinyago husemwa kuliko asiye nacho. Hata hivyo tamaa iliyokuwa chini ya hila ile twaijua sote. Mungu alipomtuma Samweli nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, ilimbidi amwonye asimchague mwana wa kwanza kwa sababu ya kimo na sura. Kila mmoja wetu angependa kuchaguliwa kwa namna ile aliyochaguliwa Daudi, ambaye hakuwapo hata sebuleni.

Lakini uso ulishinda. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1979, kituo cha ABC cha Marekani kilionyesha mfululizo wa “Starsky & Hutch”, habari za wapelelezi wawili wa polisi na gari lao jekundu lenye mstari mweupe. David Soul alikuwa Hutch, na mwenzake Paul Michael Glaser alikuwa Starsky. Mfululizo ule ulivuka bahari, na sura aliyokuwa ameificha ikabandikwa katika kuta za vyumba vya mabinti kote Marekani na Uingereza. Ndipo akapata alichokuwa akikitafuta miaka yote. Mwaka 1976 ilitoka santuri yake ya kwanza ndefu, yenye jina lake mwenyewe. Wimbo ule aliouleta binti wetu ulitungwa na Mwingereza, Tony Macaulay. Mwezi Januari 1977 ulishika nafasi ya kwanza ya mauzo Uingereza, ukakaa hapo majuma manne, na nakala zilizouzwa nchini humo zilizidi milioni moja. Mwezi Aprili mwaka huohuo ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa juma moja. Mwezi Oktoba wimbo wake mwingine, “Silver Lady”, nao ukawa wa kwanza Uingereza kwa majuma matatu.

Kwa hiyo kinyago hakikumpa wasikilizaji, na uso ukampa. Tunafikiri hilo lilimwuma, ingawa fedha zilikuwa nzuri.

Tulipomsimulia mzee, baba yake binti, habari hii, tulicheka pamoja. Huku Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, na ndugu zetu wa Visiwani hawachoki kutukumbusha. Mtu wa Bara aliyeusikia wimbo ule miaka ya sabini na themanini, kwa kaseti au kwa redio ya masafa ya mbali, hakuwa amemwona Hutch wala gari lake. Aliisikia sauti tupu. Yaani heshima ile aliyoitafuta mwimbaji kwa kujifunika uso, akainyimwa na Wamarekani wenzake, aliipata bila kujua kutoka kwa kijana mmoja wa huku aliyekuwa akiokoa betri za redio yake.

Wapo wanaowadharau waigizaji wanaoingia studio kurekodi nyimbo. Husema kila mtu abaki na fani yake, na kwamba wananunuliwa kwa ajili ya sura. Dharau hiyo tunaisikia hata kwetu, kila msanii wa filamu anapojitosa katika muziki. Sisi hatuko upande wao. Kipaji hakina ua wa michongoma. Karol Wojtyła alikuwa mwigizaji huko Kraków mwaka 1941, katika kundi la siri la Mieczysław Kotlarczyk lililokuwa likiigiza vyumbani mwa watu wakati nchi yao ikikaliwa na Wanazi. Akawa padre na askofu, akaandika tamthilia juu ya ndoa, kisha akawa Papa Yohane Paulo II, na mwaka 1999, akiwa mzee wa miaka 78, ilitoka diski yenye sauti yake akisali na kuimba, iliyoitwa “Abbà Pater”. Mwaka huohuo aliwaandikia wasanii barua. Hatukumbuki mtu aliyesema Papa abaki na fani yake! Na waigizaji wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Genesi wa Roma, ambaye mapokeo yanasema alikuwa jukwaani akiigiza ubatizo ili kuwachekesha wapagani, akaguswa na neema katikati ya mzaha, akaamini kweli, akauawa. Maneno aliyokuwa akiyasema kwa kuigiza yakamgeukia yakawa yake.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kazi ya mwigizaji ni kuyavaa maneno ya mtu mwingine hadi yaonekane kuwa yake. Mwimbaji wa nyimbo za mapenzi hufanya vivyo hivyo, na David Soul aliuimba vizuri wimbo wa Macaulay kwa sababu alikuwa mwigizaji. Sisi mapadre, tusijitoe. Kila siku twasimama altareni na kutamka maneno yasiyo yetu, makuu kuliko sisi, tukiwa tumevaa mavazi yasiyo ya kila siku. Wapo wanaparokia wanaopanga Misa ya kwenda kwa kuangalia ni padre gani anaimba vizuri utangulizi. Tunawajua, na tunakiri kwamba mara nyingine tumefurahi kupita kiasi walipokuja kwetu. Mtakatifu Augustino aliwafundisha waamini wake kwamba sifa wanayomwimbia Mungu iwe wao wenyewe, yaani maisha yao yaimbe kile midomo inachokiimba. Swali la kumwuliza mwimbaji yeyote, wa kanisani au wa ukumbini, tunaona ni hilo. Kama alianza kwa kuigiza au kwa kuimba ni neno dogo.

Katika wimbo ule, mwanamume anakiri kwamba usiku uliotangulia alipoteza utulivu wake na kumwumiza mpenzi wake. Anaomba radhi, na anamsihi asiuvunje uhusiano wao kwa sababu ya usiku mmoja. Ni maneno ya kubembeleza sana. Tuliyasikiliza mara ya kwanza tukiwa na binti yule mbele yetu, macho yake yakimeta, tukayaona mazuri. Kisha tukasoma habari za mwaka 1982.

Mwaka huo David Soul alikamatwa kwa kumpiga mke aliyekuwa naye wakati ule. Mke huyo alikuwa mjamzito. Pombe ilikuwa imeshatawala nyumbani mwao. Mahakama ilimwamuru aende kwa wataalamu kutibiwa hasira yake, akaenda. Baadaye yeye mwenyewe alilizungumza hadharani bila kulikana. Hatuliandiki hili ili kumchafua marehemu, ambaye Mungu peke yake ndiye hakimu wake. Tunaliandika kwa sababu, tulipousikiliza wimbo tena usiku ule, ulikuwa umebadilika. Tuliyasikia maneno yaleyale, lakini safari hii tulijiuliza yule mwanamke aliyasikiaje, kama wimbo ule ulipigwa redioni mwaka 1982 akiwa jikoni na alama mwilini.

Na jambo jingine likatujia ambalo tungependa lisingetujia. Miaka mingi iliyopita, tukiwa mapadre wachanga katika parokia nyingine, alikuja mama mmoja jioni, baada ya kitubio. Hakuja kuungama. Alivua kitenge begani akatuonyesha. Tukaona. Tukamwuliza kama mumewe ameomba msamaha, akasema ndiyo, kila mara huomba, hulia hata machozi, na siku za Jumapili huimba besi katika kwaya. Tukamwambia avumilie. Tulimweleza juu ya msalaba, juu ya Mtakatifu Monika aliyemvumilia mume mwenye hasira mpaka akaongoka, na juu ya watoto. Akatusikiliza kwa adabu, akafunga kitenge chake, akasema, “Asante, Padre,” akaenda. Hakurudi tena ofisini, na sisi tukahesabu kwamba kimya chake kilikuwa amani.

Tulikosa. Tunaliandika hapa waziwazi kwa kuwa ushauri ule haukuwa wa Kanisa, ulikuwa wa woga wetu. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba mwanandoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili humpa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Idhini hutolewa na askofu, na iwapo kuchelewa ni hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hubaki, na kuishi pamoja kunarudishwa sababu inapokoma. Lakini yule mama alikuwa na haki ya kuondoka usiku uleule bila kuwa mwasi wa sakramenti yake. Hayati Papa Fransisko, katika “Amoris Laetitia” ya mwaka 2016, aliwashutumu wanaowatendea wanawake ukatili ndani ya ndoa, na akasema kwamba mara nyingine kutengana kunakuwa ni wajibu wa kimaadili, pale inapohitajika kumwokoa mnyonge na watoto. Na sheria ya nchi yetu haikuwa imesubiri: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Ilikuwapo tayari siku ile tulipomwambia avumilie. Hatukuwa tumeisoma.

Wengine watasema tunawafundisha wanawake kuvunja nyumba. Tumeisikia hoja hii kutoka kwa wazee tunaowaheshimu, na ina uzito wake, kwani nyumba nyingi zimeokolewa na mtu mmoja aliyekataa kukata tamaa. Wapo wanandoa katika parokia hii waliopitia ulevi, madeni, hata ukosefu wa uaminifu, na leo wanashikana mikono wakienda kukomunika. Hatutaki kuwaondolea sifa yao. Lakini angalieni anayesema maneno. Mtu aliyeumizwa akisema, “Sijatukatia tamaa,” ametoa zawadi, na hakuna sheria iliyomlazimisha. Aliyeumiza akisema, “Usitukatie tamaa,” anadai zawadi hiyo, na mara nyingi anaidai usiku uleule, kabla uvimbe haujashuka. Midundo mizuri inaweza kulifunika dai hilo hata lionekane toba.

Toba ina mwendo wake, nasi tuliufundishwa kabla ya komunyo ya kwanza: kutafuta dhambi katika dhamiri, majuto, kusudi la kutotenda tena, kuungama, na malipizi. Mume yule wa besi alikuwa na hatua ya pili tu, tena kwa machozi. Hakuna aliyemwomba zile nyingine, na sisi wenye mamlaka ya kuziomba tulimwachia mke wake mzigo wote. Mahakama ya Marekani, isiyo na stola wala maji ya baraka, ilimfanyia David Soul jambo ambalo ofisi yetu haikumfanyia mwanakwaya wetu. Ilimwambia, nenda ukatibiwe, na tutakuuliza kama ulikwenda.

Ndugu msomaji atataka kujua mtu yule aliishiaje. Nyimbo zake hazikurudi tena katika vilele vile vya mwaka 1977. Katika miaka ya themanini alisimama na wachungaji wa Kilutheri wa eneo la Pittsburgh, mmoja wao akiwa ndugu yake wa damu, waliogombana na wenye mali na hata na viongozi wa kanisa lao kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma waliopoteza kazi. Ndugu huyo alifungwa jela kwa ajili ya msimamo wake, na David alitengeneza filamu juu ya mkasa huo. Baadaye akahamia Uingereza, akaigiza katika majumba ya London, mojawapo ikiwa ni opera ya dhihaka ambayo Wakristo wengi waliipinga, na kwa haki. Mwaka 2004 alipata uraia wa huko. Alioa mara tano, na mke wa tano alikuwa naye hadi mwisho. Alifariki tarehe 4 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 80.

Hatujui moyo wa mtu, na maisha ya aina hii hayakubali kufungwa katika hukumu ya mstari mmoja. Tunaona mtu aliyekuwa na sauti ya upole na mkono usio mpole, aliyelazimishwa kujitazama, akakubali kutazama. Hilo la mwisho si dogo. Tumewazika wanaume kadhaa waliokufa bila kulifanya, na tukasoma wasifu wao mzuri mbele ya wajane waliokuwa wakitazama chini.

Je, wimbo upigwe? Kijana alituuliza hivyo waliporudi Alhamisi, baada ya kuwasimulia yote haya. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, akidhani labda una laana. Tukamwambia hapana. Wimbo si sakramenti wala si uchawi. Ulitungwa na mtu mwingine, na hata ungetungwa na yeye, ukweli uliomo ni ukweli. Zaburi ya toba tunayoisali kila Ijumaa asubuhi katika Sala ya Kanisa, mapokeo huihesabu kuwa ya Daudi, baada ya kumchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Kanisa halikuitupa kwa sababu ya mkono ulioiandika. Ila twajua mkono huo ulifanya nini, kwa sababu Maandiko hayakutuficha, na tunaisali tukijua.

Binti alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: “Padre, nitajuaje mapema?” Kijana akamgeukia kana kwamba amechomwa. Tukamtuliza, kwani binti hakuwa amemshitaki. Tukawapa kazi badala ya jibu. Kila mmoja aende peke yake akaandike mambo matatu: nyumbani kwao, baba alipokasirika, ilikuwaje, yeye mwenyewe akikasirika, hufanya nini na mikono yake, na ni nani angemwendea usiku wa manane kama mambo yangeharibika. Kijana alirudi na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Hatukuamini aliyotuambia juu ya baba yake, mtu tunayemjua na kumpenda. Walisomeana wenyewe, sisi tukiwa tumetoka nje kumwagilia maua ambayo kwa kweli hayakuhitaji maji.

Tumeona jambo hilo lifae kwa wote. Basi, kuanzia semina ijayo ya wachumba, kila mmoja ataitwa peke yake walau mara moja, mbali na mchumba wake, na ataulizwa maswali hayo na mengine. Mama mmoja wa WAWATA mwenye uzoefu atakuwapo kwa ajili ya mabinti wasiopenda kuzungumza na padre. Viongozi wa jumuiya ndogondogo nao tunawaomba jambo moja: mama akija kwenu na alama mwilini, msimwambie aje kwetu kwanza kuomba ruhusa. Mpelekeni hospitali, na katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kisha mtujulishe, hata ikiwa ni usiku. Na wanaume wanaojiona wameanza njia ile, mlango wa ofisi uko wazi kwenu vilevile. Tutawasikiliza, na tutawauliza tena baada ya mwezi.

Kwa mama yule wa kitenge, kama yu hai na kama kuna mtu anayemsomea haya: tunaomba radhi. Hatudai jibu.

Ndoa ya vijana wetu itakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Wataingia kanisani kwa wimbo wa kwaya, na ukumbini mzee atapata wimbo wake. Ameomba upigwe kutoka katika kaseti ileile, naye fundi wa vyombo vya muziki anatafuta redio ya kuuchezea. Aliye na redio ya kaseti inayofanya kazi aonane na katekista.